Mtungi wa Saba

Jumatatu, 6 Januari

Mwanangu ndiye aliyechaguliwa. Katika mafundi friji wote wa wilaya, wanaume wenye ndevu na pikipiki zao, karatasi yenye muhuri imekuja kwa binti yangu: karakana yake ndiyo kituo cha kukusanyia gesi ya zamani. Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nimemsomea baba yake kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na sikuona sababu ya kulifunga.

Sasa salamu. Hujambo, daftari. Hili ni daftari la kazi, lina safu ya tarehe, ya namba ya mtungi, ya uzito na ya maelezo. Fundi wangu, ndivyo ninavyomwita binti yangu, amenikabidhi mimi kwa ajili ya mwandiko. Niliishia darasa la saba, lakini mwalimu alikuwa akichukua daftari langu kuwaaibisha nalo wakubwa. Mbele nitaandika mitungi. Nyuma, kuanzia hapa, nitaandika nipendavyo.

Kazi yenyewe nimeielewa kuliko wengi wanaojidai. Friji za zamani zina gesi ambayo siku hizi haitengenezwi tena. Mafundi wengine wakizifungua hukata mrija tu, gesi ikapiga mluzi ikaenda zake. Wao huita "kuipumzisha". Haipumziki. Inapanda juu kabisa na kuitafuna ozoni, ambayo ni kama shuka tulilofunikwa lisitupate jua lenye makali. Na huko huko inazuia joto la chini lisitoke. Mwizi mmoja, makosa mawili. Fundi wangu haipumzishi. Anainyonya kwa mashine, anaifungia mtungini, na kiangazi kikiisha lori la serikali litakuja kuichukua ikateketezwe kwenye tanuri. Ametia sahihi. Mitungi ikipotea, cheti kinakwenda na mlango unafungwa.

Leo ipo minne.

Alhamisi, 9 Januari

Joto. Mshumaa wa kabatini umeanza kuinamisha kichwa, na haujawashwa.

Jumanne, 14 Januari

Nimepigana. Naandika kwa mkono wa kulia na wa kushoto umevimba.

Viti vyetu vya plastiki vya pale nje vilikuwa vya buluu. Jua limevifanya vyeupe, ukivikwaruza vinatoa unga kama chaki. Muuza Samaki, jirani yangu wa ukuta mmoja, amekuja kukaa bila kukaribishwa, kama desturi yake. Nikawa namweleza habari ya ile karatasi. Akasema, "Jirani, hiyo umeshaniambia jana na juzi. Mungu alikuwa na akili kukupa mmoja. Ungekuwa na wawili tungehama mtaa."

Nikafungua mdomo nimjibu, kiti kikapasuka miguu yote minne kwa pamoja, akakaa chini pu, samaki wakamwagika. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka sana. Akainuka na mguu wa kiti mkononi akanipiga nao begani mpaka ukavunjika, nami nikamtia kofi nikamshika kilemba. Tumegaragazana juu ya samaki mbele ya wateja. Fundi wangu katoka na miwani yake ya kuchomelea, katutenganisha kama majogoo.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Muulize huyu aliyeanza."

Joto hili linawatia watu wazimu. Lakini yule hata kukiwa na baridi ana wazimu wake.

Jumatatu, 20 Januari

Bombani leo mwanamume kampiga mwenzake ndoo ya kichwa kwa sababu ya nafasi ya foleni. Ndoo ya bati. Damu imeingia kwenye maji ya watu watatu, na wote watatu wamekwenda nayo nyumbani hivyo hivyo, maana ukiyamwaga unarudi nyuma ya mstari.

Nimempeleka baba yake Fundi kwa daktari wa macho. Miaka arobaini amepiga misumari juu ya mabati ya watu, jua linampiga kisogoni na bati linamrudishia usoni. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na watu kama moshi. Nikamuuliza Fundi wangu kama ni ile gesi. Yeye hapendi kusema asichokijua. Akasema, "Jua la kwetu lilikuwa kali kabla gesi haijazaliwa, mama. Hakuna awezaye kusema hili limetoka pale. Ila mtu anayeungua huondolewa shuka?"

Mitungi saba. Nilibandika namba mwenyewe, kwa karatasi nzuri.

Jumanne, 28 Januari

Friza la Bucha limelipuka.

Bucha ni muuza nyama wa kona. Friza lake ni la zamani, kubwa kama kaburi, na lilikuwa halishiki baridi tangu joto lianze. Fundi wangu alimwambia gesi yake haipatikani tena, alitoe, anunue jipya. Bucha akaona anaringa. Akamwita Barafu.

Barafu ni nani? Ni fundi aliyemfundisha mwanangu. Kwanza nimwandikie haki yake. Mtoto alipomaliza shule, watu wote wakasema msichana hashiki spana, Barafu peke yake ndiye aliyesema mlete. Miaka mitatu amekula mezani kwangu. Kwangu ni kama mtoto.

Basi Barafu kakosa gesi ya zamani, akalijaza lile friza gesi ya kupikia. Inapoza, ni kweli. Lakini ikivuja karibu na cheche ni bomu, na lile friza halikutengenezwa kwa gesi hiyo. Saa tano asubuhi Bucha kafunika mfuniko, mota ikawaka, na mfuniko ukaruka ukatoboa dari. Nilikuwa napita. Nimeona mkono wake wa kushoto ngozi imechunika kama soksi inavyovuliwa. Alikuwa anatembea kuvuka barabara ameuinua, anauliza kila mtu, "Huu ni wangu?" Nyama zimetawanyika mpaka kwenye nyaya za umeme, mbwa wakawa wanapigana chini yake.

Jumamosi, 1 Februari

Mshumaa umerukuu. Mitungi kumi.

Alhamisi, 6 Februari

Bucha katoka hospitali na bandeji yake, akamfuata Barafu kijiweni. Kamchapa kwa ubapa wa panga, mgongoni, mapajani, usoni, na watu wamesimama wanahesabu. Hakuna aliyemshika. Mmoja alikuwa na soda ya baridi mkononi, anakunywa. Bucha alisema, "Nataka friza langu lipoe, kwa gesi yake yenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo natumia upande wa makali."

Barafu kaja kwangu anatapika. Fundi wangu na baba yake walikuwa kliniki. Nimemuosha majeraha kwa maji ya chumvi, nimempa shati la mzee, nimempikia. Alikuwa analia kama mtoto. Akasema, "Mama, mimi nimekwisha. Hata jina langu limekwisha."

Nikamwambia hakuna mwalimu anayekwisha mwanafunzi wake akisimama. Nikachukua ufunguo unaoning'inia nyuma ya mlango, nikamfungulia chumba cha ndani cha karakana. Nikamwonyesha. Mitungi kumi na mmoja imepangwa ukutani kama wanafunzi mstarini, kila mmoja na namba yake kwa mwandiko wangu. Nilisema, "Haya ni matunda ya mkono wako."

Aliangalia sana. Akauliza lori linakuja lini. Nikamwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Sikumwambia Fundi. Hakuuliza.

Jumanne, 11 Februari

Mitungi kumi na mitatu, na hakuna mwingine unaotarajiwa. Fundi wangu kahamishia kitanda chake karakana kwa ajili ya joto, anasema. Nimeona ameweka kufuli la pili. Nilipomuuliza kasema maneno yamezagaa kijiweni kwamba kuna hazina humu. "Nashangaa nani kawaambia idadi."

Nikasema watu wana midomo.

Ijumaa, 14 Februari, na inaendelea

Naandika nje ya wodi. Nataka niandike yote kabla hawajaanza kunisaidia kukumbuka.

Ilikuwa baada ya saa sita mchana, jua limesimama wima. Fundi wangu alikuwa chumba cha ndani anachomelea mrija wa shaba, moto wa buluu unaunguruma. Alikuwa ameuingiza ndani kwa sababu nje upepo unauzima. Baba yake amekaa chini sakafuni kizingitini, kwa ajili ya ubaridi wa saruji. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye mitungi, kazi ambayo hakuna aliyenipa.

Barafu kaingia na wachukuzi wawili wa mkokoteni. Mkononi spana ya mabomba, ile ndefu. Uso bado una alama za panga. Hakunisalimia. Hilo ndilo lililonitisha kabla ya spana.

Akasema, "Fundi, leo ni Ijumaa. Nipe miwili tu."

Mwanangu hakugeuka. "Mwalimu, ukichukua mmoja nimefungwa."

"Na mimi nisipochukua nimekufa. Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe. Na wewe ndiye uliyenifundisha nisiguse cha mteja."

Mchukuzi wa kwanza akapita juu ya mzee kama anaruka mfereji. Mzee haoni, lakini si kiziwi. Kamdaka kifundo cha mguu. Ile mikono imeshika nyundo miaka arobaini. Mchukuzi kaanguka kifudifudi, meno yakagonga saruji, na mzee hakuachia. Yule wa pili akaanza kumpiga mzee mateke ya mbavu. Nilisikia, kama mtu anapiga godoro. Mzee anasema kila teke, "Bado nipo. Bado nipo."

Barafu kashika mtungi, Fundi wangu kamrukia, wakavutana, mtungi ukagonga meza, na koki ikaanza kupiga mluzi.

Hapa ndipo uelewe mwanangu ni mtu gani. Ile gesi ikikutana na moto inageuka sumu ya kuua chumba kizima. Barafu anajua, yeye ndiye aliyemfundisha. Mwanangu akamwachia. Akampa mgongo mtu mwenye spana, akanyoosha mkono akazima moto wake. Na mkono ulipokuwa kwenye swichi ya moto, Barafu akaupiga. Nimeona mfupa ukikunja pale pasipo na kiungo. Akaupiga tena, na mwanangu alikuwa ameshaanguka. Akainua mara ya tatu, na safari hii haikuwa mkono aliokuwa anautazama, ilikuwa kichwa.

Kuna koki mbili kwenye kila mtungi. Ya buluu hutoa mvuke. Nyekundu hutoa gesi ikiwa bado maji, ya baridi inayounguza kuliko makaa. Fundi wangu amenikataza kugusa nyekundu. Mwezi mzima amenikataza.

Uliokuwa karibu ulikuwa ule ule uliogonga meza, wa saba. Nimeukumbatia kama mtoto mchanga, nimemwelekezea, nimefungua nyekundu mpaka mwisho.

Ikamtoka kelele ambayo sijaisikia kwa binadamu wala mnyama. Ilimpata uso wa upande mmoja na mkono wote wenye spana. Mkono ukawa mweupe, wa barafu kweli, vidole vikagandana na chuma. Alikuwa anaupiga ukutani ili aiachie spana na spana haiachi. Sikufunga koki. Niseme ukweli hapa, maana daftari ni langu. Ningeweza kufunga. Alikuwa ameshashindwa. Niliendelea kumfuata nao mpaka ukawa mwepesi mikononi.

Ukungu ukatanda sakafuni mpaka magotini. Wachukuzi wakakimbia. Ile gesi ni nzito, inakaa chini, inasukuma hewa. Na nani alikuwa chini? Mwanangu na baba yake. Mzee aliacha kusema bado nipo.

Nimemvuta mwanangu kwa mkono mzima, nikapiga kelele. Aliyekuja ni Muuza Samaki. Kaingia na kisu cha kuparia magamba mkononi, tayari kwa lolote, akaona, akakitupa. Akavuta pumzi moja mlangoni kama anayepiga mbizi, akazama kwenye ukungu, akatoka na mzee kamshika kola kama gunia. Akarudi tena. Akamtoa na Barafu. Nikamwambia huyo mwache. Akanijibu, "Jirani, nyamaza, sasa hivi sina nafasi ya kukupiga."

Jumapili, 16 Februari

Mzee mbavu tatu, lakini anapumua na ameanza kulalamikia chai. Mwanangu mkono umevunjika mara mbili, wametia vyuma. Neno lake la kwanza baada ya dawa ya usingizi:

"Mtungi wa ngapi?"

"Wa saba."

"Umetoka wote?"

"Sikupima, mwanangu."

"Kilo kumi na mbili," akasema, akafunga macho. Wapo mama wanaoambiwa asante.

Jumanne, 18 Februari

Nimemwambia. Nimemwambia kwamba mimi ndiye niliyefungua chumba, nikamhesabia mitungi, nikamtajia siku ya lori. Wanasema mdomo huponza kichwa. Kichwa changu kipo kizima hapa, mkono wa mwanangu ndio ulioponzwa.

Alinitazama. Akageukia ukuta.

Jumatano, 19 Februari

Ukuta.

Jumamosi, 22 Februari

Ukuta. Nimeleta uji. Amekunywa, lakini kwa ajili ya uji, si kwa ajili yangu.

Muuza Samaki amehamishia meza yake mbele ya mlango wa karakana. Anauzia samaki pale, kisu mkononi, kumi na miwili iko nyuma yake. Nilimwambia asante, ikanitoka kama jino. Akasema, "Sifanyi kwa ajili yako. Kuna kivuli." Hakuna kivuli pale. Kuna jua tupu, na shingo yake imechubuka nyekundu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kumwona Barafu. Sikumwambia mtu. Amelazwa chini ya ulinzi. Wamemkata vidole vitatu na kipande cha sikio. Nilikuwa nimeandaa maneno, makali, nimeyapanga njiani. Akainua mkono akasema, "Mama, hata nyundo sitashika." Kisha akauliza, "Fundi alizima moto?" Nikasema ndiyo, kwanza. Akageuza uso. "Nilimfundisha vizuri."

Nilimwachia shati jingine la mzee. Sijamsamehe. Shati ni shati.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua, robo saa. Watu wamesimama nje midomo wazi. Mshumaa wa kabatini umebaki vile vile umelala, ingawa usiku umepoa. Nilidhani ungeinuka. Sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Fundi wangu amerudi nyumbani na ameongea nami.

Aliomba daftari. Nikampa, nikasahau nilichoandika kurasa za nyuma. Kasoma yote, mkono mmoja unafungua kurasa, mimi nimesimama kama mtoto mbele ya mwalimu. Alipofika pale pa "sikufunga koki" alisoma mara mbili. Kisha akageuza mpaka mbele, kwenye safu za mitungi, akaweka kidole kwenye namba saba. Uzito: sifuri. Maelezo: wazi.

"Mkaguzi atakuja na lori na mizani yake. Atauliza. Andika, mama."

Nikasema tuandike umevuja. Mitungi huvuja, nani atajua? Cheti chake ndicho kilichokuwa kichwani mwangu.

"Ukiandika umevuja, nitakuwa fundi ambaye mitungi yake inavuja. Andika kilichotokea, kwa mwandiko wako mzuri."

Basi nimeandika, kwa wino, katika safu ile nyembamba: *Umefunguliwa na mama wa fundi, juu ya mtu, kuokoa maisha. Na zaidi kidogo.* Nikatia sahihi. Yeye akatia ya kwake chini, kwa mkono wa kushoto, imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Ni sahihi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na hilo nitamwambia kila atakayenisikiliza.

"Kilo kumi na mbili, mama," akasema tena. Lakini safari hii aliniegemea begani, lile lile la mguu wa kiti.

Wanaweza kumnyang'anya cheti. Wanaweza wasimnyang'anye. Kwa hiyo nimekwenda mlango kwa mlango, nikasema safari hii mdomo wangu ufanye kazi ya maana. Watu wakisimama, mkaguzi ataona kituo hiki kina wenyewe. Bucha ameitikia: atalileta lile friza lake kwa mkokoteni, na la nduguye ambalo bado lina gesi ndani, linyonywe mbele ya mkaguzi, Fundi wangu akielekeza kwa mdomo na mimi nikishika mipira ya mashine. Hiyo itakuwa kilo moja na zaidi ya kurudisha. Mzee anakuja na mbavu zake, anataka kusikia mitungi inavyopandishwa. Muuza Samaki anakuja, ingawa amesema anakuja kwa sababu meza yake iko pale. Na wewe uliyeniahidi pale bombani kwamba utakuja kusimama nasi, usije ukasema hukuambiwa. Lori linafika saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe kumi na tano.